Majuto ya warusha droni: Makosa yasiyorekebishika katika anga ya Mji wa Kale

KWA miaka mingi anga ya Mji wa Kale wa Mombasa ilikuwa milki ya kunguru, mwewe na tiara za karatasi zilizorushwa na watoto kutoka juu ya mapaa. Tiara ilipokatika uzi na kutokomea baharini, mtoto alinuna kidogo, akatafuta karatasi, vijiti na gundi, na kesho yake akarusha nyingine. Hasara haikuzidi shilingi chache, na jirani hakupata dhara lolote.

Anga hiyo sasa imepata mgeni mwingine. Ni chombo chenye mota za umeme, betri na aghalabu kamera, kinachoongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama chini akiwa na rimoti mkononi. Wengi hukiita droni. Ndugu yake mkubwa kwa umri ni ndege ndogo yenye mabawa na mkia, mfano halisi wa eropleni, ambayo wapenzi wa mchezo huu huiunda na kuirusha kwa burudani.

Vyombo hivi navyo vina uzi wake, ila uzi huo hauonekani kwa macho. Unapokatika, kinachoanguka si karatasi. Ni mzigo wenye panga zinazozunguka kwa kasi na betri inayoweza kuwaka moto.

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ukiyachunguza makosa ambayo warushaji kote duniani wangetamani kuyafuta, utayaona yamegawanyika mafungu mawili. Kuna yale yanayorekebishwa kwa fedha na gundi, na kuna yale yasiyorekebishwa kwa chochote. Katika mji wenye vichochoro vyembamba, nyumba zilizobanana na bahari pande zote, fungu la pili liko karibu zaidi kuliko wanavyodhani wanaoanza mchezo huu.

CHOMBO KINACHOMZIDI MWENYEWE KWA MAARIFA

Fikra ya kuongoza chombo kwa redio si ngeni. Mnamo mwaka 1898, mvumbuzi Nikola Tesla aliwastaajabisha watu jijini New York alipoonyesha mashua ndogo iliyogeuka kulia na kushoto bila kuguswa na mkono wa mtu. Mwaka 1937, ndugu wawili wa jimbo la Michigan nchini Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo iliyoongozwa kwa redio waliyoiita Guff. Ndege hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za aina yake duniani.

Kwa miongo mingi iliyofuata, huu ulikuwa mchezo wa watu wenye subira. Mrushaji alikata mbao nyepesi, akagundisha mbavu za bawa, akafunga mota na kuunganisha nyaya kwa mikono yake. Kabla ya ndege kuruka, mwenyewe alikuwa amekwisha kuijua kila kiungo.

Droni za kisasa zimeibadili hali hiyo. Chombo hutolewa sandukuni kikiwa tayari, na baada ya nusu saa kimo angani. Vifaa vya ndani huhesabu upepo, hupima kimo, huwasiliana na setilaiti na kukishikilia chombo pale pale hewani hata mrushaji akiachia vijiti vya rimoti.

Urahisi huo una faida, lakini pia ndio chimbuko la majuto mengi. Mrushaji huamini kuwa amekwisha kufuzu, ilhali aliyefuzu ni chombo. Siku vifaa hivyo vinapokosa setilaiti au kuchanganyikiwa, chombo hurudishwa ghafla mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kukiongoza kwa hakika.

MAKOSA YA KABLA YA KURUKA

Wakongwe wa ndege za mabawa husema kuwa ajali nyingi hutokea ardhini, kisha huonekana angani. Maana yake ni kwamba kosa huwa limekwisha kutendeka kabla ya chombo kupaa.

Kosa la kwanza ni usukani kugeuzwa. Mtu hutengeneza ndege yake, akaunganisha waya mahali pasipo pake, na usukani ukafanya kazi kinyume. Akitaka kwenda kulia, ndege huenda kushoto. Anapojaribu kusahihisha huzidisha kosa, na ndege huanguka katika muda wa sekunde chache tu.

Dawa yake haigharimu chochote. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti cha rimoti upande wa kulia na uangalie. Kipande kinachochezacheza nyuma ya bawa la kulia sharti kiinuke, na cha kushoto kishuke. Fanya hivyo kila siku ya kurusha, hata kama jana ndege iliruka salama.

Kosa la pili ni mizani. Katika ndege nyingi za kujifunzia, kitovu cha uzito hutakiwa kuwa takribani robo hadi theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele. Ndege iliyozidi uzito puani huruka kwa uvivu, lakini hutawalika. Iliyozidi uzito mkiani hupinduka hovyo na aghalabu huruka mara moja tu.

Kosa la tatu linahusu mawimbi yenyewe. Zamani kila rimoti ilikuwa na mkondo wake maalumu, na watu wawili wakiwasha rimoti za mkondo mmoja, ndege iliyokuwa angani ilipotea njia na kuanguka. Vilabu vilitumia ubao wenye vibanio, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha rimoti bila kushika kibanio cha mkondo wake. Mitambo ya siku hizi hujichagulia mikondo yenyewe na imepunguza sana tatizo hilo.

Hata hivyo, kuta nene za mawe ya matumbawe, mapaa ya mabati na wingi wa mitambo ya intaneti majumbani huweza kudhoofisha mawasiliano. Anayerusha chombo kutoka kichochoroni, kisha akakipeleka nyuma ya jengo, amejiwekea ukuta kati yake na uzi wake.

Vyuma pia huipotosha dira ya droni. Kuianzisha droni juu ya paa la mabati, karibu na gari au juu ya saruji yenye nondo ni kuiambia uongo kuhusu upande wa kaskazini. Chombo chenye dira iliyopotoshwa huweza kuanza kuzunguka na kukimbia upande ambao mwenyewe hakuutaka.

KUSI, KASKAZI NA HESABU YA KURUDI

Mabaharia wa mwambao walizijua pepo kabla ya vitabu kuandikwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, hasa kati ya Desemba na Machi. Kusi hutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na huwa na nguvu zaidi. Isitoshe, kuna upepo wa bahari ambao huongezeka mchana jua linapopasha nchi kavu joto.

Mrushaji asiyezijua pepo hizi hufanya kosa moja linalojirudia, nalo ni kukipeleka chombo kule upepo uendako akiwa na betri iliyojaa, kisha kutaka kukirudisha dhidi ya upepo betri ikiwa imepungua.

Tuchukue mfano wa hesabu. Droni inayoweza kwenda mita 12 kwa sekunde katika hewa tulivu inarushwa siku ambayo upepo unavuma mita 8 kwa sekunde. Ikienda na upepo, itasafiri mita 20 kwa kila sekunde. Umbali wa mita 600 itaumaliza kwa sekunde 30. Ikigeuka kurudi, itabakiwa na mita 4 tu kwa sekunde, na safari ile ile itachukua sekunde 150. Yaani marejeo ni mara tano ya mwendo.

Anayeipeleka droni juu ya mkondo wa bahari ulio kati ya Mji wa Kale na Nyali, akaona kwenye rimoti kuwa betri imefika nusu na kusema kuwa sasa atarudi, amekwisha kuchelewa. Chombo kitaishiwa nguvu juu ya maji, na maji ya chumvi hayakirudishi kikiwa kizima.

Kanuni ya wakongwe ni nyepesi: anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili upepo ukusaidie wakati wa kurudi. Pia kumbuka kuwa upepo wa juu ya mapaa haufanani na wa chini. Kichochoroni kunaweza kuwa shwari, ilhali ukingoni mwa paa hewa inapiga ukuta na kuzunguka kama maji yanayopita kwenye mwamba.

Fauka ya hayo, kuna wenyeji wa anga. Kunguru na mwewe hulinda viota vyao na huweza kukishambulia chombo kinachowakaribia. Wanapoanza kukizunguka, la busara ni kutua.

KITUFE CHA KURUDI NYUMBANI

Droni nyingi zina kitufe kinachoiamuru irejee ilikoondokea. Mawasiliano yakikatika, nyingi hurejea zenyewe. Ni kinga nzuri, lakini imewaponza wengi kwa sababu wanaitegemea bila kujua inavyofanya kazi.

Kwanza, droni hupanda hadi kimo ilichoagizwa na mwenyewe, kisha hufuata mstari ulionyooka. Ikiwa kimo hicho ni mita 20 na njiani kuna ghorofa, mnara wa msikiti, mnazi au mlingoti wa simu ulio mrefu zaidi, itagonga iwapo haina vifaa vya kuona vizuizi. Mji wa Kale una majengo ambayo hayana bei, ukiwamo Msikiti wa Mandhry unaotajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ngome hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Pili, droni hukumbuka mahali ilipoondokea pale tu ilipopata setilaiti za kutosha. Aliyeirusha kwa pupa kabla ya hapo hana uhakika ni wapi itapahesabu kuwa nyumbani.

Tatu, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngama yenyewe ikihama je? Mtu akirusha droni kutoka kwenye mashua, kisha mashua ikasonga mbele, chombo kinaweza kurejea kwa utiifu kamili mahali ambapo pamebaki maji matupu na kutua humo.

BETRI INAYOWEZA KUTEKETEZA NYUMBA

Betri za lithiamu zinazotumiwa katika vyombo hivi ni nyepesi na zina nguvu nyingi, na ndiyo sababu ya hatari yake. Seli moja huwa na wastani wa volti 3.7. Ikijaa hufika 4.2, na haifai kuachwa ishuke chini ya 3. Ikijazwa kupita kiasi, ikitobolewa au ikipondwa kwa kuanguka, huweza kuwaka ghafla kwa moto mkali na moshi wenye sumu.

Yapo mazoea manne ambayo wengi huyajutia. La kwanza ni kuijaza betri usiku kucha watu wakiwa wamelala. La pili ni kutumia chaja isiyofaa au kuiwekea idadi isiyo sahihi ya seli. La tatu ni kuendelea kutumia betri iliyovimba. La nne ni kuirudisha ndani ya nyumba mara tu baada ya ajali, ilhali betri iliyoumia huweza kuwaka baada ya muda kupita.

Katika Mji wa Kale kosa hili halibaki la mtu mmoja. Nyumba nyingi za kale zina dari za boriti, ngazi, milango na roshani za mbao, na kuta zao zimeegemeana. Vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto haliwezi kupita. Cheche inayoanzia kwenye chumba cha kijana mpenda michezo huweza kuwa msiba wa mtaa mzima.

Kwa hivyo betri ijazwe mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya mawe au vigae, mbali na mapazia, magodoro na mlango wa kutokea. Iliyoanguka iwekwe nje mahali wazi, mbali na watoto, na ichunguzwe kabla ya kuguswa tena. Isiyotumiwa kwa siku kadhaa ihifadhiwe ikiwa imejaa nusu hivi, mahali penye ubaridi. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

PANGA NA UMATI WA WATU

Yapo makosa ambayo gharama yake haihesabiwi kwa shilingi. Mnamo Desemba 9, 1979, wakati wa mapumziko ya mechi ya kandanda ya Kimarekani katika uwanja wa Shea jijini New York, ndege ya redio iliyoundwa kwa umbo la mashine ya kukatia nyasi ilipoteza mwelekeo na kuwaangukia mashabiki. Wawili walijeruhiwa, na mmoja wao akafariki siku chache baadaye. Ilikuwa imeletwa kuwachekesha watu.

Septemba 2013, katika jiji hilo hilo, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya redio iliyomgonga kichwani. Hakuwa mgeni katika mchezo huo. Panga za helikopta ya aina hiyo huzunguka kwa nguvu zinazoweza kukata nyama na mfupa.

Mei 2015, mwimbaji Enrique Iglesias alikatwa vidole vya mkono alipoishika droni iliyokuwa ikimpiga picha jukwaani mjini Tijuana, Mexico. Desemba mwaka huo huo, droni yenye kamera ilianguka nyuma tu ya mwanamichezo Marcel Hirscher alipokuwa akishindana katika mbio za kuteleza kwenye theluji nchini Italia. Picha za tukio hilo zaonyesha kuwa alinusurika kwa nukta ya muda.

Haya ni ya mbali, lakini funzo lake liko karibu. Mombasa ina mahali pengi panapojaa watu: kivuko cha Likoni, soko la Marikiti, bustani ya Mama Ngina wakati wa jioni, viwanja vya Makadara siku za sherehe. Ni mahali panapovutia macho ya kamera, na ni mahali ambapo mota moja ikizimika, chombo hakina pa kuangukia ila juu ya kichwa cha mtu.

Kuna na kosa linalofuata ajali. Mwenye droni huiona imenasa juu ya paa bovu, kwenye nyaya za stima au ukingoni mwa ukuta wa bahari, akapanda kuifuata. Chombo kinaweza kununuliwa tena. Aliyenaswa na umeme au aliyeporomoka na paa hana duka la kumrejesha.

MACHO KWENYE SKRINI

Kamera imeleta kishawishi kipya, nacho ni kukiongoza chombo kwa kutazama skrini badala ya kukitazama chenyewe. Skrini huonyesha kilicho mbele tu. Haionyeshi ndege ya polisi inayotoka ubavuni, wala waya ulio nyuma.

Januari 2025, moto mkubwa ulipokuwa ukiteketeza mitaa ya Los Angeles, mwanamume mmoja alirusha droni kutoka juu ya jengo la kuegeshea magari ili auone uharibifu. Aliipeleka zaidi ya kilomita mbili hadi akapoteza kuiona. Droni hiyo iligonga ndege iliyokuwa ikimwaga maji kuzima moto na kuitoboa bawa. Ndege ilitua salama, lakini ililazimika kuondolewa kazini wakati ambapo kila tone la maji lilihitajika. Mwanamume huyo alikiri kosa, akakubali kulipa fidia ya zaidi ya dola 65,000 na kufanya kazi za kijamii kwa saa 150.

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuona tu. Mahakama, hata hivyo, hazipimi nia peke yake, bali hupima pia kilichotokea.

Makosa ya wachache pia huwapaka matope wengi. Desemba 2018, uwanja wa ndege wa Gatwick nchini Uingereza ulifungwa baada ya ripoti za droni kuonekana karibu na njia ya kurukia. Safari zipatazo 1,000 na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Polisi waliwakamata mume na mke waliokuwa wakiishi karibu, mume akiwa mpenzi wa ndege za redio. Waliachiliwa bila mashtaka, na baadaye polisi wakawaomba radhi na kuwalipa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kadhia hiyo.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Kenya, safari ya sheria imekuwa na mizunguko. Kanuni za kwanza za vyombo visivyo na rubani zilichapishwa mwaka 2017, zikafutwa na Bunge la Taifa mwaka 2018. Kanuni nyingine zikatolewa mwaka 2020. Anayesimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA).

Kwa mujibu wa kanuni za 2020, mmiliki sharti awe ametimiza umri wa miaka 18, na kuingiza chombo nchini kunahitaji idhini. Wageni na Wakenya wanaotoka ng'ambo na droni mizigoni bila idhini hujikuta wakiagana nayo kwenye uwanja wa ndege. Kwa wengi hilo ndilo kosa la kwanza, tena hulifanya kabla hata ya kufungua sanduku.

Chombo hakiruhusiwi kupita futi 400, yaani takribani mita 122, juu ya ardhi. Hakifai kuwa ndani ya mita 50 kutoka kwa mtu, gari, chombo cha majini au jengo lisilo chini ya usimamizi wa mrushaji. Hakiruhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege bila kibali. Kambi za kijeshi, vituo vya polisi, mahakama na magereza ni miongoni mwa mahali palipokatazwa bila ruhusa.

Sasa tuitazame ramani. Uwanja wa Kimataifa wa Moi uko upande wa bara, magharibi mwa kisiwa. Ukichora duara la kilomita 10 kutoka hapo, sehemu kubwa mno ya kisiwa cha Mombasa inaingia ndani, na mduara wenyewe unapita karibu na Fort Jesus. Bandari ya Kilindini imo ndani. Kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko ng'ambo ya maji. Ikulu ya Mombasa iko kisiwani, na mahakama iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mji wa Kale.

Ukiongeza sharti la mita 50, ni wazi kuwa hakuna kichochoro cha Mji wa Kale ambamo mtu anaweza kurusha droni akiwa mita 50 kutoka kwa majengo. Anayetaka kuipiga picha Fort Jesus kutoka angani anahitaji ruhusa ya KCAA, na pia ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanayoisimamia ngome hiyo.

Ukanda wa Pwani, aidha, umeonja mashambulizi ya kigaidi, likiwamo la kambi ya Manda Bay katika kaunti ya Lamu mnamo Januari 5, 2020. Askari anayeona chombo kisichojulikana juu ya bandari hana njia ya kujua kwamba mwenyewe ni mpenda picha tu.

DRONI HAIPIGI HODI

Yote yaliyotajwa yanahusu mwili, mali na sheria. Lipo kosa jingine ambalo Mombasa hulihisi kuliko miji mingi, nalo ni la kuvunja stara.

Nyumba ya Mswahili ilijengwa kwa kuzingatia haya. Baraza iko nje kwa ajili ya wageni na wapita njia. Mlango humficha aliye ndani. Roshani zina nakshi za mbao zinazomruhusu aliye ndani kutazama nje bila kuonekana. Ua na paa ni mahali pa familia, ambapo wanawake huanika nguo, hupunga upepo na kuzungumza bila buibui. Mgeni hupiga hodi, na asipoitikiwa baada ya mara tatu huondoka.

Mjenzi wa kale aliwakinga watu wake dhidi ya macho yanayotoka njiani. Hakuwakinga dhidi ya jicho linalotoka juu, kwa kuwa halikuwapo. Droni haipigi hodi. Hata kama mrushaji alilenga kuipiga picha bahari tu, aliye juu ya paa hawezi kujua kamera imeelekezwa wapi, na hofu yake ni ya haki.

Ubaya zaidi ni kwamba picha haizoleki. Shughuli ya harusi ya wanawake, ambayo wanaume hawaingii, huweza kunaswa kwa sekunde kumi na kusambazwa kwenye simu elfu kabla ya magharibi. Mrushaji anaweza kuifuta kwenye simu yake, lakini si kwenye simu za watu.

Sheria nayo imelizungumza hilo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasimamia ukusanyaji na matumizi ya habari za watu, zikiwamo picha zinazowatambulisha. Kanuni za 2020 pia zinakataza kumchunguza mtu kwa droni bila idhini yake. Mwenye kulalamika ana mahali pa kwenda.

NINI KIFANYWE?

Si kwamba mchezo huu hauna heri. Kuanzia mwaka 2016, droni zilitumiwa kuchora ramani mpya ya visiwa vya Unguja na Pemba, na vijana wa chuo kikuu huko walishiriki kuzirusha. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa vyombo visivyo na rubani. Kijana anayejifunza leo kuzisawazisha mizani za ndege ya mbao huenda kesho akawa fundi au mwanarubani.

Anayetaka kuanza na aanze taratibu. Yapo programu za kompyuta zinazoiga urushaji, ambamo mtu anaweza kuangusha ndege mara mia bila hasara. Humo atajifunza jambo linalowakanganya wanafunzi wote: chombo kinapomwelekea, kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia.

Baada ya hapo, atafute mwenye ujuzi wa kumsimamia, awasiliane na KCAA kuhusu usajili, idhini na mahali panaporuhusiwa, kisha aende eneo la wazi nje ya kisiwa, mbali na makazi na uwanja wa ndege, kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Aanze na chombo chepesi na cha bei nafuu. Cha ghali humtia mtu woga wa kukitua mapema.

Kabla ya kuwasha mota, na ajiulize maswali matatu. Je, kikizimika sasa hivi, kitamwangukia nani? Je, upepo ukizidi, kitarudi? Je, aliye chini ya kamera ameridhia? Jibu moja likiwa la mashaka, chombo na kibaki sandukuni. Siku ya upepo mzuri na ruhusa kamili haiko mbali, na droni iliyobaki sandukuni leo itaruka siku hiyo.